Aliyelia Uani

Kitabu kilifika mezani kikiwa uchi. Ndivyo walivyosema wenyewe pale ofisini. Jalada lilikuwa limechanwa, kurasa za mwanzo zimeondolewa, na kila palipokuwa na jina la mwandishi pamebandikwa karatasi nyeusi ya gundi. Kilichobaki ni namba iliyogongwa kwa muhuri na hadithi za kusomwa na watoto wa darasa la nne.

Kanuni ya chumba kile ilikuwa fupi. Wanaopitisha vitabu vya shule za umma wasijue nani kaandika, wasije wakampendelea au kumkomoa. Kabla ya kila kitabu, Mama Mwenyekiti, mwanamke mnene wa sauti ndogo aliyekalia mto kwa ajili ya mgongo, aliuliza swali lile lile: "Yupo anayemjua mwenye kitabu hiki?" Na ukimtambua baadaye, hata kama umefika ukurasa wa mwisho, unanyoosha mkono, unasema, unatoka. Yote uliyoandika yanafutwa.

Asubuhi ile aliuliza, na Mwalimu akajibu hapana. Hakuwa amedanganya. Alikuwa hajakifungua.

Mwalimu alifundisha madarasa ya chini tangu ujana wake mpaka alipoitwa kwenye kazi hii ya kupekua vitabu. Upande wa pili wa meza alikaa mzee mmoja aliyefundisha jiografia miaka mingi mpaka jina lake likapotea njiani. Watu wote walimwita Jiografia, hata mkewe alipopiga simu ofisini.

Walisoma kimya. Feni ilizunguka juu kwa uvivu. Mwalimu alikuwa anabandika vijikaratasi vya njano penye makosa madogo madogo, mara nukta, mara picha imegeuzwa, hadi alipofika kwenye hadithi ya moto.

Ilikuwa hadithi ya mvulana aliyeachwa nyumbani pamoja na dada yake na mdogo wao mchanga. Jiko la mafuta ya taa likalipuka, na mtoto yuko ndani, na pipa halina maji. Mvulana akachukua gunia la mkaa, akalichovya kwenye beseni la maji ya kuoshea vyombo, akajifunika, akaingia, akatoka na mtoto kifuani. Dada yake alibaki uani, mikono kichwani, akipiga kelele.

Mwalimu aliirudia ile sentensi ya beseni. Mwandishi mwingine yeyote angetia ndoo, bomba au kisima. Nani anawaza maji ya vyombo, yenye makombo yanayoelea na mafuta yaliyoganda pembeni? Aliyejua habari ya maji yale ni mtu aliyekuwa katika nyumba ile siku ile. Na Mwalimu aliijua nyumba, aliijua siku, aliyajua na maji, maana nywele zake mwenyewe zilinuka mafuta ya sufuria wiki nzima. Ni yeye aliyeingia.

Mwandishi alikuwa mdogo wake wa kiume. Nyumbani walimwita Wino tangu alipoanza kwenda shule na kurudi na vidole vyeusi.

Hapo ndipo mkono ulipotakiwa kupanda. Haukupanda. Mwalimu aliinuka, akaenda dirishani, akafungua kioo kilichokuwa wazi tayari, akarudi kukaa. Kisha akainuka tena kutafuta kalamu, na kalamu alikuwa ameishika.

Hadithi hiyo alikuwa ameisikia mara nyingi. Wino alipenda kuisimulia kwenye harusi za ndugu, na mama yao naye aliisimulia vivyo hivyo, Wino ndani ya moto, yeye uani analia. Mwalimu alikuwa anatabasamu na kugawa vinywaji. Alijiambia mama humdekeza mwanawe wa kiume, na ubishi wa nini. Ushahidi hakuwa nao pia. Moto haukumwachia hata kovu, gunia lilikuwa limeloa vizuri mno. Lakini kusemwa sebuleni ni jambo moja, na kusomwa na watoto wa nchi nzima, mwaka hadi mwaka, wakajibu na maswali chini yake, ni jambo lingine.

Na akitoka nje, nani anabaki? Anabaki Jiografia.

Jiografia alikuwa na namna yake ya kutafuta upendeleo. Alihesabu vichwa. Alichora vijiti pembeni ya karatasi, wavulana huku, wasichana huku, wa mjini huku, wa shamba huku, na vijiti vikilingana kitabu kimepona. Wachapishaji walishamjua. Walikuwa wanachomeka msichana rubani mahali popote penye nafasi, kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula asichokipika.

"Hiki ni kizuri," Jiografia alisema, akivua miwani. "Kimelingana. Umemwona rubani? Msichana. Fundi magari, msichana. Anayefua nguo ni baba. Wamejitahidi."

"Rubani anafanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Anarusha ndege."

"Anarusha kwenye picha. Kwenye hadithi anasema nini?"

Jiografia alipekua. "Hasemi. Anapunga mkono."

"Na yule wa kwenye moto?"

"Huyo anasema. Kapiga kelele mstari mzima."

Mama Mwenyekiti alicheka, kisha akajikohoza kuficha kicheko. "Endeleeni," alisema.

"Kitabu kizima kina hatari moja," Mwalimu alisema. "Moja tu. Na kwenye hiyo moja, mvulana ana akili na ana moyo, na msichana ana mdomo. Wewe unadhani mtoto atakumbuka nini? Rubani anayepunga mkono?"

"Mwalimu, moto ukiwaka watu hupiga kelele. Mimi mwenyewe ningepiga, na nina wajukuu."

"Basi tumchore babu uani."

"Mchoreni. Lakini msinitie mvi nyingi." Jiografia aliegemea kiti, akamtazama. "Leo una nini? Tangu asubuhi unakaa unainuka, utadhani kiti kina misumari. Kitabu hiki kimekutukana wewe?"

"Kimewatukana wasichana."

"Haya. Nilidhani ni wewe."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwalimu hakuwahi kubishana vile kwa kitabu chochote, na maneno yalimjia bila kuyatafuta, yote ya kweli na yote ya kanuni. Hilo ndilo lililomtia baridi. Alikuwa anasema haki tupu, na kila alilolisema lilikuwa na kisasi chini yake, kama jongoo chini ya mkeka. Mwishowe Jiografia akanyoosha mikono, na Mama Mwenyekiti akaandika uamuzi: kirudi kwa mwandishi, mhusika wa kike kwenye hadithi ya moto apewe nafasi ya kutenda. Wote watatu wakatia sahihi.

Jioni ile Mwalimu alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Mumewe akamwambia, "Kaa basi, unanizungusha kichwa." Alikaa. Baada ya muda mfupi alikuwa amesimama tena, anapanga vikombe.

Jumapili alikwenda kwa mama yao, kama kawaida. Mama, ambaye sasa wajukuu walimwita Bibi, alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, sinia mapajani, anachambua mchele. Hawajaongea mengi, Wino akaingia na karatasi kwapani. Aliandika vitabu vya shule katika chumba alichokodi nyuma ya duka la fotokopi, na vichache vilikuwa vimepita. Hiki alikuwa amekitegemea sana.

"Shikamoo, Mama. Dada, shikamoo. Wamenishika shati wale watu."

"Marahaba. Watu gani?" mama aliuliza.

"Wa vitabu, huko huko anakofanya Dada, sijui chumba gani. Wanasema hadithi yangu ya moto ina upendeleo. Nimtie msichana ndani, awe ndiye anayeokoa." Alivuta kiti akakigeuza, akakikalia kwa nyuma. "Mchapishaji ananiambia usijisumbue, geuza tu, palipo kaka weka dada, na palipo dada weka kaka. Nikageuza. Sasa mimi nimesimama uani nalia. Dada, wewe ni mwalimu, hii ni haki?"

Mwalimu aliokota punje ya mchele iliyoanguka chini. "Soma nisikie."

Wino alisoma. Alijua kusoma. Alishusha sauti penye moshi, akaipandisha penye mtoto. Msichana alichovya gunia kwenye beseni. Msichana aliingia. Kaka yake akashika kichwa, akalia. Vidole vya bibi vilikuwa vinakimbia juu ya sinia, kisha vikapungua mwendo, kisha vikatulia.

"Umeandika vizuri," bibi alisema Wino alipomaliza.

"Nimeandika uongo vizuri," Wino alisema, akacheka. "Watoto wa watu watasoma kitu ambacho hakikutokea. Lakini mkono mtupu haulambwi. Kesho kutwa kinarudi kwao." Simu yake ikalia, akatoka nje ya geti kuipokea, ambako mtandao ulishika vizuri.

Bibi alingoja mpaka sauti yake ikaenda mbali.

"Ulikuwa wewe," alisema.

"Wapi, Mama? Kwenye moto au kwenye hiyo ofisi?"

"Kote."

Bibi aliweka sinia chini.

"Hakuwa analala," alisema. "Baada ya ule moto. Alimwacha mdogo wake ndani akakimbia, na alikuwa na umri wa kuelewa alichofanya. Wewe hukumbuki. Alikuwa anashtuka anauliza mtoto yuko wapi, na mtoto kalala pembeni yake. Akaanza kujikojolea. Watoto wa jirani wakawa wanamwita Miguu. Nikamwambia, mwanangu, mbona ni wewe uliyemtoa? Ulishikwa na hofu, ndiyo maana umesahau. Alinikatalia. Nikamwambia tena. Nikamwambia kila alipoamka, mpaka siku moja akalala."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unalala."

Alisema vile bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya kitu kilichonunuliwa zamani. Mwalimu alisimama, akazunguka kamba ya nguo, akarudi.

"Ulichukua changu ukampa yeye."

"Nilichukua. Nilikuona una kingi."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungekubali. Ulikuwa mtoto wa kukubali. Afadhali nimeiba." Bibi alimshika mkono. "Usimwambie. Mtu mzima yule, ana mke na watoto. Yale maneno ndiyo aliyosimamia akakua. Kitabu umeshakipata, msichana kaingia kwenye moto, basi. Umeshinda. Nyamaza."

Wino alirudi akilalamikia salio lake la simu, na mazungumzo yakageuka.

Ni kweli, alikuwa ameshinda. Siku kitabu kiliporudi ofisini, Mwalimu alifika kabla ya mfagizi hajamaliza korido, akatembea huku na huku juu ya sakafu mbichi mpaka mfagizi akamwambia, "Mama, ama uingie ama utoke, unanichorea ramani." Aliingia. Kitabu kilikuwa mezani, uchi kama mwanzo, karatasi nyeusi mpya zimebandikwa. Jiografia tayari alikuwa anachora vijiti.

Mwalimu alikifungua penye moto. Msichana alikuwa ndani, amejifunika gunia. Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Hakuna hata mtu mmoja nje ya familia ambaye angejua kwamba, kwa mara ya kwanza, ile hadithi ilikuwa imesema kweli.

Alitakiwa kufurahi. Alijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya kulia na kushoto kinyume. Mama aliigeuza hadithi kwa huruma, yeye akaigeuza kwa kanuni, na wote wawili walifanya hivyo mgongoni mwa Wino. Mdogo wake alikuwa amesimamishwa ndani ya moto bila kuulizwa, kisha akatolewa akawekwa uani bila kuulizwa. Na aliyemtoa alikaa nyuma ya karatasi nyeusi, akijifanya hamjui. Ile kanuni ya kutojuana iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Nyani haoni kundule, na yeye alikuwa amewahubiria wenzake juu ya upendeleo mpaka chai ikapoa.

"Yupo anayemjua mwenye kitabu hiki?" Mama Mwenyekiti aliuliza, huku akipanga mto wake.

"Hapana," alisema Jiografia.

Mwalimu alinyoosha mkono.

Mama Mwenyekiti aliacha mto. "Umemjua leo?"

"Nilimjua mara ile ya kwanza. Niliposoma habari ya beseni. Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Feni ilizunguka. Jiografia aliweka penseli chini polepole. "Ina maana ulinitoa jasho siku nzima kwa ajili ya nduguyo?"

"Dhidi ya ndugu yangu, Mzee."

"Afadhali ungempendelea. Hilo ningelielewa."

"Kwa nini hukusema?" Mama Mwenyekiti aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo zaidi kuliko siku zote.

"Ningesema ningetoka. Ningetoka, kingepita kama kilivyokuwa."

"Pengine. Na pengine mtu ambaye angekaa kwenye kiti chako naye angeliona. Hukutupa nafasi ya kujua." Alivuta karatasi ya uamuzi, akaipiga mstari kutoka juu mpaka chini. "Yote yamefutwa. Kitabu kinakwenda chumba kingine, kianze upya. Mwandishi ataelezwa sababu, kwa sababu ni haki yake, na ataulizwa anapeleka kipi, cha kwanza au kilichorekebishwa. Ataambiwa kesho. Na wewe Mwalimu, hutakaa kwenye meza hii tena, mpaka watu wa juu waseme."

"Nimeelewa."

"Nilikutegemea," Mama Mwenyekiti alisema, na hilo lilimuuma kuliko ule mstari.

Jiografia alianza kubandua vijikaratasi vya njano, kimoja kimoja, akivikusanya kwenye kiganja. Hakumtazama. Alipofika kwenye ukurasa wa moto alisema tu, "Lakini la yule rubani ulisema kweli. Nimemwangalia jana usiku kwenye kitabu kingine. Naye anapunga mkono."

Mwalimu hakupitia nyumbani. Kesho Wino angeambiwa na ofisi, kwa lugha ya ofisi, na alitaka kumwahi. Njia nzima alitembea kama mtu anayefukuzwa, akiyapanga maneno na kuyapangua, na sauti ya mama yake ikimwambia nyamaza.

Duka la fotokopi lilikuwa na foleni ya wanafunzi. Alipita pembeni ya mashine, kwenye joto lake na harufu ya karatasi iliyochomwa, akasukuma pazia. Wino alikuwa ameweka miguu juu ya kiti cha pili, anakula njugu na kusahihisha kitu.

"Dada? Kuna nini? Mama?"

"Mama mzima. Teremsha miguu nikae." Alikaa, akainuka. Akaamua kusema akiwa amesimama. "Mimi ndiye niliyekirudisha kitabu chako."

Alimweleza yote, kuanzia beseni. Alimweleza ubishi na Jiografia, na mkono aliounyoosha, na simu atakayopigiwa kesho. Wino alisikiliza, njugu kiganjani. Uso wake ulianza kwa mshangao, ukapita kwenye hasira.

"Kwa hiyo kwa sababu ya wivu wa kitoto..."

"Sijamaliza," Mwalimu alisema. "Ni mimi niliyeingia, Wino. Siku ile. Si wewe."

Mashine ilikuwa inapiga nakala upande wa pili wa pazia, shaa, shaa. Mtu aliomba chenji. Mwalimu alingoja acheke, au apige meza, au amfukuze. Alikuwa amejiandaa kwa yote hayo.

"Mama ndiye aliyesema..." Wino alianza.

"Mama alisema ili ulale."

Wino alifumba kiganja, akakifumbua, akazitazama njugu kama hajui zimefikaje pale. Alipoanza kuongea hakuwa anaongea na dada yake hasa.

"Ule mlango wa jikoni ulikuwa wa bati."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na viraka vya kopo la rangi. Na moshi ulikuwa unatoka chini yake, umelala, kama maji. Nimejaribu mara nyingi kuandika kulikuwaje ndani. Mchapishaji aliniambia hapo pana upungufu, ongeza, mtoto asikie joto. Nikashindwa. Nikadhani ni uandishi wangu. Dada, mimi ule mlango naukumbuka kwa nje. Siku zote nimeukumbuka kwa nje."

Mwalimu alikaa chini sasa. Alitaka kumshika bega, akaona bega lenyewe limejikaza, akaacha.

"Ulikuwa mdogo," alisema.

"Na wewe ulikuwa mkubwa? Tumepishana nini sisi, mimba mbili?" Alitupa njugu kwenye kopo la takataka, akapangusa mikono kwenye suruali, akapangusa tena. "Wakinipigia kesho wataniuliza kipi."

"Wameniondoa mimi, si wewe. Unachagua mwenyewe. Sikuja kukuambia cha kuchagua."

"Kwa jasho ulilonitoa, bora ungeniambia tu." Alijaribu kucheka, haikutoka. Alivuta ile rasimu iliyogeuzwa, akaitafuta sentensi, akaisoma kwa midomo bila sauti. Akachukua kalamu. "Ndani kulikuwaje?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla sijabadili mawazo."

Alimwambia. Kulikuwa hakuonekani kitu, alimwambia, alimfuata mtoto kwa sauti, kisha mtoto akanyamaza na hapo ndipo alipoogopa kweli. Wino aliandika haraka, ameinamisha kichwa mno. Mara moja tu aliacha kuandika, akatazama ukuta, akaendelea.

Alipomaliza alikunja karatasi, akaikunjua.

"Mama anajua umekuja huku?"

"Hajui. Alinikataza."

"Basi asijue." Alifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Jumapili nikija nitawalalamikia tena wale watu wenu wa vitabu, kwamba wameniharibia hadithi. Nitalalamika sana. Na wewe unibishie kidogo, asije akashtuka."